Moto wa karai ulizimika, ukarudi, ukazimika, ukarudi. Wenye mikahawa Nairobi, naomba tuongee

ChipsiZaMjini (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, hodi humu ndani. Nina mkahawa wa kuku na chipsi, ghorofa ya chini ya jengo moja la zamani mjini, umbali wa kutembea tu kutoka stesheni ya zimamoto ya Tom Mboya. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kwa miaka minne ndilo lililokuwa likinipa usingizi: moto ukiwaka, majirani wapo.

Ijumaa ya juzi, saa moja jioni, foleni imefika mlangoni. Mashine zangu za kukaangia ni mbili, za gesi. Moja themostati yake, kile kidhibiti joto, ilikufa, fundi akaiunganisha moja kwa moja "kwa muda", na huo muda ulikuwa umefika mwezi wa tatu. Kijana akatoka kidogo kuchukua viazi stoo. Mafuta yakaanza kutoa moshi wa samawati, mwembamba, nami nikadhani ni ya zamani yanahitaji kubadilishwa. Kisha yakawaka. Hakuna cheche, hakuna mwali ulioyagusa. Vuu! Mpaka kwenye hudi, ule mwavuli wa chuma juu ya jiko unaovuta moshi.

Nikanyakua mtungi mwekundu wa poda, nikapuliza. Ukazimika. Watu wa foleni wakapiga makofi, naapa. Nikahesabu labda tano, ukawaka tena. Nikapuliza, ukazimika, mtungi ukaisha, ukarudi mara ya tatu. Aliyetuokoa ni mama mmoja anayetuoshea vyombo. Alipita mlango wa nyuma bila kusema neno, akaenda uani, akafunga ule mtungi wa gesi wa kilo 50. Aliporudi tukafunika mashine kwa sinia la chuma la kuokea, na hakuna aliyethubutu kulifunua mpaka saa tatu usiku.

Sasa mwenye jengo ameniandikia barua: niweke mfumo wa kuzima moto juu ya jiko au nitafute pengine. Bei niliyopewa inazidi bei ya mashine zangu zote mbili nikiziweka pamoja. Swali langu: hicho kitu kina maana, ama ni watu wanatafuta kula?

Mpitanjia_254

Hao kuku wenye poda mliwauza Jumamosi ama?

ChipsiZaMjini

Waliishia jaani, ndugu. Usinianze.

MzeeWaKariokor

Pole kijana. Ila mimi nimekaanga na kuchoma tangu enzi za Moi na sijawahi kuweka hayo madude. Weka ndoo ya mchanga, weka gunia lililoloweshwa, weka macho kwenye jiko. Kilichowaka kwako ni uzembe wa themostati, siyo ukosefu wa mfumo.

FundiHudi

Mzee hapo kwenye themostati amesema kweli na sitabishana naye. Mengine niruhusiwe kueleza. Nitangulize kwamba kazi yangu ni kufunga mifumo hii, kwa hivyo nisomeni mkijua ndipo ninapopatia unga.

Ndugu ChipsiZaMjini, poda yako haikuwa mbovu. Mingi ya mitungi hii myekundu tunayoona mjini ni ya poda ya ABC: karatasi, petroli, vifaa vya stima. Inakata mwali haraka sana, kama ulivyoona. Lakini mafuta ya kukaangia yakifika kama nyuzi 360 hivi yanajiwasha yenyewe, na chini ya ule mwali ulikuwa na mashine nzima ya mafuta yenye joto hilo, na gesi bado inachochea. Poda haipozi kitu. Wingu likitulia, hewa ikirudi, mafuta yanawaka upya. Ungekuwa na mitungi kumi, ungepuliza kumi.

Mfumo wenyewe uko hivi. Ukutani kuna tangi la chuma lenye dawa ya maji. Kutoka hapo mabomba membamba yanapanda kwenye hudi, na kila bomba linaishia kwenye nozeli, yaani mdomo mdogo wa kunyunyizia. Nozeli nyingine zinaangalia majiko, moja moja, kila jiko na lake. Nyingine zimejificha nyuma ya machujio ya mafuta, na nyingine inaangalia ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Watu wengi wakifungua hudi hushangaa kuzikuta hizo za nyuma, na bila hizo umelinda nusu ya jikoni.

Sasa, nani anauamrisha? Ndani ya hudi kuna kebo ya chuma imevutwa ikakaza, na katikati yake kuna viungo vidogo, kila kimoja ni vipande viwili vya chuma vilivyoshikanishwa kwa risasi ya kulehemu. Upana wa gumba hivi. Fundi anapima kwanza joto la kawaida la hudi yako jiko likichemka kabisa, halafu anachagua kiungo kinachoyeyuka juu ya hapo, la sivyo kitakumwagia dawa Ijumaa jioni bila moto wowote. Moto wa kweli ukipanda, risasi inalainika, vipande vinaachana, kebo inalegea. Springi iliyokuwa imezuiliwa na ile kebo inaruka na kutoboa kichupa cha gesi, mara nyingi nitrojeni, nayo inasukuma dawa kutoka kwenye nozeli zote kwa pamoja. Mwendo huohuo wa springi unaangusha vali inayokata gesi ya majiko. Katika mifumo mingi ninayofunga mimi, hakuna stima mahali popote kwenye mlolongo huo. Mvua inyeshe, taa zipotee mtaa mzima, bado utafanya kazi.

Ukiniuliza kipande kimoja cha maana kuliko vyote, nitakwambia ni hiyo vali. Yule mama aliyekimbia uani ndiye aliyekuwa vali yenu.

Wambui_Keki

Naomba kueleweshwa hapo. Umesema dawa ni ya maji. Sote tumefunzwa tangu shuleni usimwagie mafuta yanayowaka maji. Sasa mbona mnatundika maji juu ya karai?

MwalimuWaKemia

Swali zuri, dada, na nilikuwa nangojea mtu aulize.

Maji ya ndoo ni mazito kuliko mafuta. Yanazama, yanakutana na mafuta yenye joto mara tatu ya lile la kuchemsha chai, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unachukua nafasi mara 1,700 hivi ya maji yaliyouzaa. Ndiyo maana karai linaruka. Nozeli za huu mfumo hazimimini. Zinanyunyiza matone madogo sana, kwa upole, yanayotua juu ya mafuta. Mengi yanageuka mvuke yakiwa bado juu juu, na yakigeuka yanaondoka na joto.

Lakini uhondo uko kwenye kilichoyeyushwa ndani ya hayo maji. Mimi ni mtu wa Kakamega. Kukhu, yaani bibi yangu, alikuwa anachoma maganda ya maharagwe, anaweka majivu kwenye chombo chenye matundu, anapitisha maji, na yale yanayodondoka chini ndiyo musherekha wa kulainishia mboga. Ukiyagusa yanateleza kati ya vidole kama umeshika sabuni. Na kwa kweli ni sabuni inaanza, kwa sababu yanakutana na mafuta ya ngozi yako. Sehemu kubwa ya kinachotelezesha pale ni kaboneti ya potasiamu. Hiyo hiyo ndiyo hutumika katika dawa nyingi za jikoni, au ndugu zake, asetati na sitrati ya potasiamu.

Kwa hivyo dawa ikitua kwenye mafuta ya moto inafanya kile ambacho majivu na mafuta yamefanya tangu zamani: inatengeneza sabuni. Uso wa karai unafunikwa na povu zito linaloziba hewa isiingie na mvuke wa mafuta usitoke. Poda ya ABC haiwezi hivyo kwa sababu ina tabia ya asidi, na asidi na sabuni havipatani. Ndiyo maana pia si vizuri kupuliza poda juu ya povu ambalo tayari limeshika. Unalivunja.

Mpitanjia_254

Kwa hivyo mfumo ukipuliza unaweza kuosha vyombo hapo hapo.

FundiHudi

Wewe unacheka, lakini baada ya kupuliza kazi kubwa ni kuosha. Chakula chote kilicho wazi kinatupwa. Dawa ikiachwa siku mbili tatu inakula aluminiamu na kuacha madoa kwenye chuma, kwa hivyo ni maji ya moto na vitambaa usiku uleule. Na hakuna kuwasha jiko mpaka tangi lijazwe na viungo vipya vifungwe. Nimewahi kuitwa asubuhi nikakuta mtu tayari anakaanga chini ya tangi tupu.

Na kwa mwalimu, kuongezea tu. Mafundi wakongwe wanakumbuka kwamba kuna wakati mifumo ya poda ilikuwa ikifungwa jikoni, hasa Marekani. Ilitosha siku za mafuta ya wanyama. Wapishi walipohamia mafuta ya mimea, ambayo hujiwasha kwenye joto la juu zaidi, na mashine zikaanza kutengenezwa na kuta zinazoshika joto ili kuokoa gesi, moto ukawa unazimika na kurudi. Hadithi ya Ijumaa ya mwenye uzi, kabisa. Mwaka 1994 wakaleta kipimo kinachoitwa UL 300: wanawasha mafuta kwa makusudi, wanayaacha yawake, mfumo unazima, kisha wanakaa kungoja waone kama moto utarudi. Ukienda kununua, uliza hilo kwanza. Muuzaji akianza kuzungumzia rangi ya tangi, shika njia yako.

MzeeWaKariokor

Sawa, nimesikia kemia. Lakini huyo kijana alizima moto kwa sinia. Sinia ni shilingi ngapi?

Zimamoto_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Sinia lilifanya kazi kwa sababu moto ulikuwa bado uko ndani ya mashine. Nimefanya kazi ya zimamoto mpaka nikastaafu, na moto wa karai ndio ulionisumbua kidogo kuliko yote. Ulionitoa jasho ni ule ulioingia kwenye bomba la moshi.

Jaribuni kitu kimoja usiku mkishafunga. Toeni chujio moja la hudi, ingizeni mkono juu, pitisheni kidole kwenye ukuta wa bomba. Kikitoka na kitu kama asali nyeusi, hiyo ni kuni. Bomba limeanzia kwenye jiko lako, limepanda ghorofa nne au tano, limepita nyuma ya hosteli, nyuma ya ofisi ya wakili, nyuma ya stoo ya nguo. Moto ukiingia humo, feni inauvuta kama mdomo unavyovuta sigara, na huko juu hakuna anayejua kwa nini ukuta wake unachemka. Majengo ya zamani ya River Road na huku Tom Mboya, bomba lingine limepitishwa kando ya mbao za paa. Wewe uko chini, karai lako limezimika, unapiga makofi, na jengo linawaka juu ya kichwa chako.

Ndiyo sababu ya zile nozeli za ndani ambazo fundi amezitaja. Lakini hata hizo haziwezi kupigana na mafuta ya miaka mitatu. Bomba lazima lioshwe. Utaratibu wa NFPA 96, kanuni za Marekani za moto wa jikoni ambazo mafundi wengi hufuata, uko hivi: unayepikia mkaa au kuni, ukaguzi kila mwezi. Mwenye kukaanga usiku na mchana, kila miezi 3. Mkahawa wa kawaida, miezi 6. Jikoni la kanisa linalopika Jumapili tu, mwaka. Mfumo wenyewe wa kuzima unakaguliwa kila miezi 6.

Na machujio, jamani. Nimekuta jikoni nyingi yametolewa kabisa kwa sababu "feni inavuta vizuri zaidi". Naam, inavuta vizuri mpaka mwali.

Kuhusu sheria, kwa vile kijana amepewa barua: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huohuo zinataka ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi 12 na mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Mazoezi hayo wengi hutia sahihi tu kwenye karatasi. Na hata mfumo ukipuliza vizuri, pigeni 999. Tunapenda zaidi kuja kukuta sabuni.

ShefuWaPwani

Salaam aleikum wa Nairobi. Mimi niko jikoni za hoteli Mombasa miaka kumi na saba, na nataka kuwaambia jambo ambalo fundi hawezi kulijua kwa sababu akishafunga huondoka.

Tulikuwa na mfumo mzuri, wa bei, kadi ya ukaguzi imening'inia. Meneja mpya akataka kichomeo cha kebabu. Nafasi hakuna, basi tukasukuma mashine ya kukaangia kushoto, hatua moja na nusu, kichomeo kikakaa pale ilipokuwa. Nani atafikiria nozeli? Mkaguzi alipokuja akasimama chini ya hudi, akanyoosha fimbo ya ufagio kutoka kwenye nozeli moja kwa moja mpaka chini. Fimbo ikagusa sakafu, kati ya mashine na meza. Miezi mitano tulikuwa tumelinda vigae, yakhe.

Siku hiyohiyo akakuta nozeli nyingine imefungwa karatasi ya foili. Mpishi wa pilau aliifunga kwa sababu ilikuwa ikidondosha tone la mafuta kwenye sufuria lake. Kofia yake ndogo ya kuzuia mafuta yasiingie ilikuwa imepotea zamani, ikageuka kuwa mtego wa uchafu. Na kile kishikio chekundu cha kuvuta kwa mkono, kile cha ukutani, kilikuwa kimetundikwa aproni tatu.

FundiHudi

Hizo zote nimeziona, shefu, na nikuongezee ya kwangu: kiungo cha risasi kimezungushiwa waya wa kufungia vyuma vya ujenzi. Mtu alichoka nacho kukatika, akakikaza. Kile kiungo kingeyeyuka, waya ungeshikilia kebo mpaka jengo liishe. Kosa lilikuwa la aliyechagua kiungo cha joto dogo, na aliyelipia waya huo angekuwa mpishi.

Kishikio cha mkono kiwekwe njiani unapotokea, mita 3 mpaka 6 kutoka kwenye jiko. Ukikiweka juu ya karai, utalazimika kuuvuka moto ili uuzime. Na mashine ya kukaangia iwe sentimita 40 mbali na jiko la mwali wazi, au muweke ukingo wa chuma katikati. Ndugu ChipsiZaMjini, yako ziko umbali gani?

ChipsiZaMjini

Nimeenda kupima sasa hivi. Mkono unaingia, kwa shida.

MzeeWaKariokor

Na sisi wa kibanda? Hudi hatuna, bomba la moshi hatuna, paa ni mabati. Mfumo huo utautundika kwenye nini?

Zimamoto_Mstaafu

Hapo mzee una haki, na sitakudanganya kwamba utaufunga kwenye mabati. Wewe tafuta mtungi wa kuzima wa aina F, ule wa dawa hiyohiyo ya sabuni. Una rangi ya manjano kwenye lebo, usichanganye na wa poda wenye samawati. Kifuniko cha chuma cha kila karai kiwe karibu, na kisiwe na tundu. Blanketi la moto kwa makarai madogo. Mtungi wa gesi ukae nje, mahali unapoweza kuufikia bila kupita mbele ya jiko, na usiwe shimoni wala bondeni kwa sababu gesi yetu ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Mchanga wako uache kwa ajili ya mkaa. Ukiutupa kwa ndoo ndani ya karai, mafuta yatakurukia.

MzeeWaKariokor

Aina F. Nimeandika.

ChipsiZaMjini

Wakuu, narudi baada ya wiki tano. Nilifunga. Nilipatana na mwenye jengo, tukagawana ya kuosha bomba, mfumo nikalipa mwenyewe kwa awamu. Mashine zimetenganishwa, themostati mpya imewekwa, na aliyeniunganishia ile ya kwanza sasa akipita hunisalimia kwa mbali.

Waliosha bomba usiku wa Jumapili. Vijana wawili, kutoka saa mbili mpaka saa kumi alfajiri. Kilichotoka kilijaza debe tatu na sehemu. Mmoja akaniita nipande ngazi nione. Kwenye kona ya kwanza ya bomba, juu tu ya mashine iliyowaka, palikuwa na alama nyeusi kavu, tofauti na utandu wa mafuta kote kwingine. Moto wa ile Ijumaa ulikuwa umefika pale. Sijui kwa nini uliishia hapo. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye kreti ya soda kwa muda.

Siku ya majaribio fundi alitoa kile kichupa cha gesi kwanza ili dawa isimwagike, akaniambia niwashe kila jiko. Nikawasha yote. Kisha akakata kiungo kwa koleo. Tak! Sauti ndogo tu, kama kufunga sanduku. Halafu miali yote, jiko moja baada ya jingine, ikafifia, ikafa. Yule mama wa vyombo alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Akauliza, "Kwa hivyo mimi sasa siendi tena huko nyuma?" Nikamwambia aendelee kujua njia.

Kwa ushauri wa ShefuWaPwani nimechora mistari myekundu sakafuni kuzunguka miguu ya kila mashine, kwa rangi ya mafuta, ili zisihamishwe. Leo asubuhi, baada ya kupiga deki, nimekuta mguu mmoja uko nje ya mstari, upana wa kiganja.

ShefuWaPwani

Irudishe kabla hujawasha, yakhe.